CVData na CVCX: programu zinazoonyesha ni mara ngapi karata humgeukia mchezaji

Nianze na hukumu. Ukitaka kujua ni mara ngapi karata zilizobaki ndani ya boksi la kugawia zinamfaa mchezaji wa blackjack (mchezo wa karata wa kumkaribia 21 bila kuzidi, ukishindana na mgawaji) kuliko zinavyoifaa kasino, sijatumia chombo kinachojibu swali hilo vizuri kama CVData na nduguye mdogo, CVCX. Zote mbili ni programu za uigaji, yaani kompyuta inacheza mikono (duru za mchezo) mingi mno na kuhesabu matokeo. Ni kazi ya Norm Wattenberger, anayeziuza kwa jina la QFIT, na ni za ukoo mmoja na Casino Vérité, programu ya kufanyia mazoezi ya mchezo wenyewe. Si za bure. Maandishi yake ni Kiingereza kitupu, na zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Hata hivyo ningezinunua tena kesho.

Nasema hivyo nikiwa mtu aliyesimama upande wa pili wa meza. Niligawa karata kwa miaka kadhaa katika kasino moja ya pwani ya Kenya kabla sijarudi chuoni kusoma takwimu. Sichezi kamari na simshauri mtu acheze. Lakini kwa mwanafunzi wa uwezekano, meza ya blackjack ni darasa zuri kuliko ruleti au dadu, kwa sababu karata zina kumbukumbu: iliyokwisha kutoka haimo tena, na kilichobaki hubadilika mkono baada ya mkono hadi zichangwe upya. Ruleti haijali kilichotokea mzunguko uliopita.

Kwa asiyejua kuhesabu karata kunavyokwenda, mfumo unaotumika zaidi ni Hi-Lo, ambao Harvey Dubner aliutangaza mwaka 1963. Kila karata kuanzia 2 hadi 6 inapotoka, unaongeza moja. Kila ya 10, kila yenye picha na kila ree, unapunguza moja. Za 7, 8 na 9 unaziacha zipite. Jumla unayobaki nayo kichwani naiita hapa hesabu ghafi. Ukiigawa kwa idadi ya pakiti (za karata 52) ambazo bado hazijagawiwa, unapata hesabu halisi, na hiyo ndiyo yenye maana. Hesabu ghafi ya 6 pakiti tatu zikiwa zimebaki ni hesabu halisi ya 2 tu. Ileile 6 ikiwa imebaki pakiti moja na nusu ni 4. Kwa kanuni za kawaida za pakiti 6, kasino huanza ikiwa mbele kwa takriban nusu asilimia, na kila nukta moja ya hesabu halisi humrudishia mchezaji takriban nusu asilimia. Kwa hiyo kwenye 1 wanakaribia kulingana, kwenye 2 mchezaji anaanza kutangulia, kwenye 4 ana kama asilimia moja na nusu.

Hayo yameandikwa kila mahali. Kisichoelezwa vya kutosha ni kwamba kujua faida ya hesabu ya 4 hakukusaidii chochote kama hujui 4 hutokea mara ngapi. Watu husimulia habari za mahesabu makubwa na madau makubwa kana kwamba boksi huwa hivyo jioni nzima. Haliwi hivyo. Uzuri wa CVData ni kwamba unakuwekea jedwali mbele ya macho: hesabu halisi upande mmoja, marudio yake upande wa pili, faida au hasara ya kila mstari, na yote kwa kanuni ulizozichagua wewe mwenyewe.

Na uchaguzi ni mwingi kwelikweli. Unaweka idadi ya pakiti, unaamua kama mgawaji anasimama au anaongeza akiwa na 17 laini (yenye ree inayohesabiwa 11), kama mchezaji anaruhusiwa kuongeza dau maradufu baada ya kutenganisha jozi, kama anaweza kujisalimisha (kuacha mkono kwa kupoteza nusu ya dau), wamekaa wachezaji wangapi, na kila mmoja anacheza kwa mfumo gani. Unaamua mchezaji anakadiria pakiti zilizobaki kwa umakini wa kiasi gani, maana binadamu hutazama rundo la karata zilizotumika na kukadiria kwa jicho tu. Kisha unaweka kile kilichonivuta mimi tangu mwanzo: kina, yaani zigawiwe karata ngapi kabla ya kuchanga tena.

Katika kazi yangu ya zamani kina kilikuwa ni ile kadi ya plastiki isiyo na namba. Mchezaji anakata, mgawaji anaichomeka nyuma ya rundo, na ikitokeza mdomoni mwa boksi, mkono huo unamalizwa na karata zinachangwa. Msimamizi wa zamu ndiye aliyekuwa akituambia iwekwe wapi. “Dada, leo acha mbili,” maana yake pakiti mbili za mwisho zisigawiwe. Siku nyingine, meza ikiwa na watu wazito, zilikuwa tatu, nusu ya boksi zima. Tulitii na kuendelea. Hatukuelezwa sababu kwa undani, na sidhani wengi wetu tulijua ukubwa wa tofauti ya zile sentimita chache.

Nikaanza hapo hapo. Pakiti 6, Hi-Lo, mchezaji mmoja, sikubadilisha kitu kingine ila kina. Zikiachwa pakiti tatu bila kugawiwa, hesabu halisi ya 2 au zaidi hutokea kwa kama mkono mmoja katika kila kumi au kumi na moja. Ikiachwa pakiti moja na nusu, inakaribia mmoja katika kila saba. Ikiachwa moja tu, mmoja katika kila sita hivi. Hapo mtu atasema tofauti si kubwa. Shuka basi kwenye mistari ya 4 kwenda juu, penye pesa. Kwa nusu ya boksi ni mkono mmoja au miwili katika kila mia. Kwa pakiti moja na nusu ni kama minne au mitano. Kwa pakiti moja ni baina ya mitano na saba. Kadi ileile ya plastiki, ikisogezwa kutoka katikati hadi karibu na mwisho, inazidisha nafasi hizo zaidi ya mara tatu. Hakuna ustadi wa kukariri unaoweza kufidia jambo hilo, na sasa naelewa kwa nini msimamizi alikuwa haangalii nyuso za wachezaji peke yake.

Sheria ya Marekani inaonyesha kitu hikihiki. Mwaka 1982 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New Jersey, katika kesi ya Ken Uston, mhesabuji wa karata, dhidi ya kasino ya Resorts International, iliamua kwamba kasino za Atlantic City haziwezi kumfukuza mtu kwa sababu tu anahesabu karata. Nevada kasino bado inaweza kumwambia mhesabuji aondoke. Atlantic City, mlango huo ulipofungwa, kasino zilibaki na silaha nyingine, mojawapo ikiwa ni kuchanga mapema. Ukilitazama jedwali la marudio unaona kwamba silaha hiyo inatosha: huna haja ya kumfukuza mtu ambaye umeshamwondolea mikono yake mizuri.

Nilitaka pia uhakika kwamba programu haitoi namba za kubuni, kwa hiyo niliandika uigaji wangu mdogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na pembeni nikatumia kanuni ya darasani. Katika Hi-Lo karata 40 kati ya 52 zina thamani ya kuongeza au kupunguza moja, na kutokana na hilo tu unaweza kukokotoa mtawanyiko wa hesabu halisi bila kucheza hata mkono mmoja. Kwa pakiti 6, mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) wa hesabu halisi baada ya kugawa pakiti moja ni takriban 1.16. Baada ya tatu ni 2.59. Baada ya nne na nusu ni 4.48, na baada ya tano ni 5.78. Angalia unavyopanda: mwanzoni karibu kila kitu kimebanana kwenye sifuri, halafu mwishoni kunapasuka. Mikono yote mizuri imelundikana nyuma ya boksi, palepale ambapo kadi ya plastiki hukata.

CVData, Python na kanuni vilikubaliana, lakini kwa sharti moja ambalo mtu yeyote atakayejaribu lazima alijue. Hesabu halisi huwa haiji ikiwa namba kamili, inakuja 1.4 au –0.7, na lazima uamue inaingia mstari upi. Ukikata desimali tu, –0.7 inakuwa 0, na 0.7 nayo inakuwa 0, kwa hiyo mstari wa sifuri unabeba upana mara mbili ya mistari mingine na kuvimba kupita kiasi. Ukishusha kila mara kwenda chini, –0.7 inakwenda –1, na mistari yote inakuwa na upana sawa. Kwenye Python, int hukata na alama ya mikwaju miwili (//) hushusha. Kwenye CVData njia zote zipo na unachagua, pamoja na ile ya kukadiria kwa namba ya karibu. Ndiyo maana majedwali mawili ya marudio, yote sahihi, yanaweza kuonekana yanagombana. Ukisoma jedwali la mtu bila kujua alikata au alishusha, ni afadhali uliache.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni kidogo kwa namba, lakini ni kitamu kwa akili. Hi-Lo imesawazika, idadi ya karata za kuongeza ni sawa na za kupunguza, kwa hiyo ungetarajia wastani wa hesabu halisi kwa mikono yote uwe sifuri. Ukiiambia programu igawe idadi maalumu ya mikono kisha ichange, wastani ni sifuri. Ukiiambia itumie kadi ya kukatia kama tulivyofanya mezani, wastani unateleza kidogo chini ya sifuri. Nilikaa nalo muda kabla halijanifungukia. Zikitoka karata kubwa kwa wingi, mikono inakwisha haraka, watu wanasimama na 19 au 20, karata chache zinatumika, na kabla kadi ya plastiki haijatokeza panapatikana nafasi ya mkono mmoja wa ziada. Lakini mkono huo wa ziada unagawiwa kutoka katika rundo lililokwisha kumwaga karata zake kubwa. Zikitoka ndogo kwa wingi, kila mtu anaongeza na kuongeza, karata zinakwisha upesi, na ule mkono wa mwisho, ambao ungekuwa na neema, haugawiwi. Kwa maneno mengine, mikono ya ziada huangukia mara nyingi zaidi kwenye maboksi mabaya kuliko kwenye mazuri. Kwa pakiti 6 athari yake ni ndogo. Kwa pakiti moja inaonekana waziwazi. Nimegawa mikono ya namna hiyo sijui mingapi bila kufahamu kwamba ina mwelekeo.

Uigaji wa namna hii una asili ya karata tangu mwanzo. Mwanahisabati Stanislaw Ulam alipata wazo la mbinu ya Monte Carlo, yaani kutafuta jibu kwa kurudia jaribio la bahati mara nyingi, mwaka 1946 akiwa anapona ugonjwa na kucheza karata peke yake, akijiuliza ni mara ngapi mchezo ungekubali. Mwaka 1956 wanajeshi wanne wa Marekani waliokuwa Aberdeen, Maryland, yaani Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha mkakati wa msingi wa blackjack walioukokotoa kwa mashine za mezani za kujumlishia. Mwanahisabati Edward Thorp akafuata na kompyuta ya IBM 704 huko chuo cha MIT, na mwaka 1962 akachapisha kitabu kilichoufanya umma ujue kwamba mchezo huu unaweza kushindwa. Kazi iliyohitaji mashine ya kujaza chumba sasa inafanywa na kompyuta mpakato juu ya meza yangu ya kulia.

Mikono mingapi inatosha? Hapa wanaojifunza huwa wanaharakisha. Matokeo ya mkono mmoja yana mkengeuko sanifu wa takriban dau 1.15. Ukicheza mikono 100 kwa dau moja, unatarajia kupoteza nusu dau, lakini mbembeo wa kawaida ni dau 11 na nusu kwenda juu au chini. Kwa mikono milioni moja hitilafu bado ni kama asilimia 0.115, na unachopima ni nusu asilimia. Kwa bilioni moja inashuka hadi kama asilimia 0.004, na hapo ndipo unaweza kulinganisha kanuni mbili zinazotofautiana kwa uzi. Mtu akicheza mikono 100 kwa saa bila kulala, bilioni moja itamchukua zaidi ya miaka 1,100. CVData inakufanyia hivyo wewe ukiendelea na shughuli zako.

Kwa marudio peke yake huhitaji mabilioni, ila jihadhari na kanuni ya haraka ya kukokotoa hitilafu ya asilimia. Kanuni hiyo inadhani kila mkono unajitegemea. Mikono ya boksi moja haijitegemei. Imezaliwa tumbo moja, na hesabu ikiwa juu mkono huu, yaelekea itakuwa juu na unaofuata. Hesabu maboksi, si mikono, ukitaka kujua uhakika wa jedwali lako. Na mistari ya mbali, ya 8, ya 10, hujazwa na maboksi machache sana, kwa hiyo iache mashine iendelee kabla hujaiamini.

CVCX ni jambo jingine. Yenyewe imekuja na matokeo mengi yaliyokwisha kuigizwa, kwa hiyo unachagua kanuni na kina, unaandika mtaji wako, na papo hapo inakupa dau linalofaa kwa kila hesabu, mapato ya kutarajia kwa saa, na uwezekano wa kufilisika. Ukigusa mtaji au kina, namba zote zinabadilika mbele yako. Kwa kufundishia naipenda kuliko CVData. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza niliyemwonyesha safu ya uwezekano wa kufilisika alinyamaza, kisha akaniuliza, “Kwa hiyo dada, hata mwenye kucheza sawasawa?” Nikamwambia ndiyo, hata yeye, kama mtaji ni mdogo kuliko mbembeo. Sikuhitaji kuongeza neno.

Manung’uniko ninayo. Menyu za CVData ni nyingi, na mtu asiyejua msamiati wa kasino kwa Kiingereza atapotea kabla hajafika kwenye jedwali. Mimi nilisaidiwa na kazi yangu ya zamani. Kwa walimu wetu wanaofundisha takwimu kwa Kiswahili, kungekuwa na faida kubwa mtu akiandika mwongozo wa kurasa chache tu. Mwenye kompyuta isiyo ya Windows ajipange mapema. Na pia kuna wanaodhani watabeba programu ya namna hii kwenye simu hadi mezani: Nevada, tangu 1985, kutumia kifaa cha kukusaidia kuhesabu karata kasinoni ni kosa la jinai. Kuhesabu kwa kichwa si kosa. Kazi ya uigaji inaishia nyumbani.

Usinunue CVData kama shida yako ni kujua tu kama meza fulani inafaa. Hilo unaweza kulijua kwa macho. Meza inayolipa 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2 kwa mkono wa ree na kumi inamwongezea mchezaji hasara ya karibu asilimia 1.4, maana mkono huo hutokea kwa asilimia 4.75 hivi, na kila ukitokea amenyimwa theluthi moja ya dau, pungufu kidogo. Na penye mashine inayochanga karata bila kusimama, safu ya marudio haiondoki karibu na sifuri. Hapana cha kuhesabu.

Inunue kama unafundisha, unasoma takwimu, au umewahi kufanya kazi kwenye meza hizo na unataka kujua ulichokuwa ukikifanya. Anza na CVCX, uzoee kusoma safu. Ukifika CVData, weka pakiti 6, mgawaji anayesimama kwa 17 zote, mchezaji mmoja, dau lisilobadilika, hesabu ya kushusha kwenda chini. Endesha mara moja ukiacha pakiti tatu, mara ya pili ukiacha moja na nusu, mara ya tatu ukiacha moja. Chapisha safu ya marudio ya kila moja, ziweke sambamba, na usome kuanzia mstari wa 4 kwenda juu.